Fedha za Shule na Matokeo Yake Visomwe Kijijini, Mkutano Mmoja

Shule yetu ya msingi ina wanafunzi wanaokaribia 600. Kwa kila mwanafunzi Serikali hutenga ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia katika akaunti ya shule. Piga hesabu: 600 mara 6,000 ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Hizo ndizo zinunue chaki, karatasi za majaribio, wino wa kudurufu, kitasa cha mlango wa ofisi, mafagio, bati lililoezuliwa na upepo wa Singida, pamoja na nauli ya mwalimu anayefuata mitihani wilayani. Kwa mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi. Hapa Ikungi shilingi 500 haimtoshi mtu kununua soda.

Mimi ni mkulima wa alizeti na dengu, mama wa watoto waliosoma na wanaosoma shule za Serikali, na mwenyekiti wa kamati ya shule ya kijiji chetu. Sina ugomvi na mwalimu wala na halmashauri. Nina jambo moja kubwa ninaloliomba, na ninaliomba kwa nguvu zangu zote: fedha za shule na matokeo ya watoto visomwe pamoja, katika mkutano mkuu mmoja wa kijiji, baada ya mavuno, kila mwaka, katika kila kijiji cha mkoa huu.

Leo mambo hayo mawili hayakutani. Taarifa ya fedha hubandikwa kwenye ubao wa matangazo shuleni, karatasi ya kompyuta iliyojaa namba za vifungu, na jua huipausha kabla mzazi wa kumi hajaisoma. Matokeo nayo yana njia yake. Baraza la Mitihani, NECTA, huyatangaza. Wilaya huyachambua kwa kata. Mkoa huyachambua kwa halmashauri zake saba, yaani Manispaa ya Singida, Singida Vijijini, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Vikao vya tathmini hufanyika ukumbini. Waliofanya vizuri hupongezwa, walioshika mkia hutakiwa wajieleze. Mzazi hayumo humo ukumbini. Kinachomfikia ni asilimia moja iliyosomwa redioni.

Ugumu huu una chanzo chake, na chanzo ni namna kazi zilivyogawanywa. Shule ni mali ya halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Sera, mtaala na uthibiti ubora viko Wizara ya Elimu. Nidhamu na vyeo vya walimu vinapitia Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi mwaka 2016. Ruzuku hutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016. Mtihani ni wa NECTA. Ukaguzi wa hesabu ni wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Kila ofisi ina jalada lake na mkubwa wake wa kumjibu. Kamati ya shule, ambayo Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inaitambua kuwa chombo cha shule ya msingi, ndiyo iliyoundwa na wazazi wenyewe wa watoto, na ndiyo inayopata karatasi chache kuliko wote.

Nieleze jinsi tunavyofanya kazi. Fedha zikiingia, mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wetu, hutuita. Anatusomea vifungu, tunajadili, tunaandika muhtasari, tunasaini. Muhtasari unaambatishwa, manunuzi yanafanyika. Kuanzia mwaka 2017 hesabu zinaingizwa katika mfumo wa FFARS. Siku hizi manunuzi yanatakiwa kupita katika mfumo wa NeST. Mifumo hii ilikuja kuzuia wizi na naiunga mkono. Lakini shule ya msingi ya kijijini haina mhasibu. Mwalimu yuleyule aliyefundisha Hisabati asubuhi, mchana anageuka mhasibu na ofisa ugavi, akitafuta mtandao ambao kwetu unashika vizuri ukipanda juu ya jiwe. Anatumia nguvu nyingi kuthibitisha kwamba chaki imenunuliwa kihalali. Hakuna fomu hata moja inayomuuliza kama mtoto aliyeandikiwa kwa chaki hiyo sasa anajua kusoma.

Turudi kwenye kiwango chenyewe. Hii 10,000 haikuanza na elimu bila malipo. Ilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, wakati ada ya shule ya msingi ilipofutwa. Wakati ule shilingi 10,000 zilikuwa sawa na dola 10 za Marekani hivi. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipokuja, kiwango kilikuwa kilekile, na leo fedha hiyo haifiki hata dola 5. Bei ya rimu ya karatasi haikusubiri. Bei ya bati haikusubiri. Katika kipindi hichohicho watoto walifurika. Mkoa wetu ulikuwa na watu milioni 1.37 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 2.

Kuna dhuluma nyingine ndani ya hesabu hii, na huku Singida inauma kuliko mikoa yenye vijiji vilivyosongamana. Fedha inagawanywa kwa kichwa. Shule ya mjini yenye wanafunzi 1,200 hupata 600,000 kwa mwezi. Shule ya porini huko Itigi au Manyoni yenye wanafunzi 150 hupata 75,000. Lakini shule hiyo ndogo ina ofisi, ina paa, ina madarasa yote saba, inafanya mitihani ileile, na nauli ya mwalimu wake kwenda wilayani ni kubwa mara kadhaa. Fikirieni watoto wa Kihadzabe walioko Mkalama, ambao wazazi wao wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Shule inayowapokea inahitaji kutumia zaidi kwa kila mtoto ili abaki darasani, na hesabu ya kichwa inaipa kidogo kwa sababu watoto ni wachache. Anayepanga fedha kwa kugawanya tu idadi ameshaamua, hata kama hakukusudia, kwamba mtoto wa mbali atasoma kwa kilichobaki.

Nitakuwa mkosefu wa shukrani nisipotaja majengo. Mwaka 2021 fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila moja kwa shilingi milioni 20. Ukatufuata mradi wa BOOST kwa shule za awali na msingi, na SEQUIP kwa sekondari. Vijana wetu walioanza kidato cha kwanza Januari 2022 walikuta madarasa yenye sakafu ya vigae na madawati mapya. Hatukuwahi kuona hayo. Tulichimba misingi kwa mikono yetu, tukasomba mchanga na mawe, na tukajivunia.

Ila darasa lina siku ya kuzinduliwa. Lina utepe, lina mgeni rasmi, lina bamba lenye jina na tarehe. Ruzuku ya mwezi haina mgeni rasmi. Ikichelewa hakuna kamera inayokuja kuuliza. Kwa hiyo mkoa umejifunza kuhesabu elimu kwa kuhesabu kuta. Muulize kiongozi yeyote hali ya elimu katika eneo lake, atakutajia idadi ya madarasa na matundu ya vyoo, kisha fedha zilizotumika. Majibu hayo ni ya kweli na ni muhimu. Shule ya watoto 600, nusu yao wasichana, kwa kanuni ya tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, inahitaji matundu 27, na shule nyingi ziko mbali na namba hiyo. Hata hivyo mtoto hapelekwi shule kwa ajili ya ukuta.

Baada ya ruzuku na fedha za majengo, sasa niseme kuhusu mfuko wa tatu ambao hauandikwi katika bajeti yoyote: mfuko wa mzazi. Miaka ya 2000, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likitoa uji na chakula cha mchana katika shule za mikoa yenye ukame, Singida ikiwemo. Aliyekuwa mzazi wakati ule anakumbuka mahudhurio yalivyokuwa. Uji ule uliondoka, na mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni umeiachia jamii kazi ya kuchangia. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango baada ya kuona watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana mtoto hana kosa. Baadaye michango ikarudi kwa jina la hiari: mahindi ya uji, mshahara wa mlinzi, mwalimu wa kujitolea, kambi ya darasa la saba.

Tatizo la michango hiyo ni kalenda. Singida ina msimu mmoja wa mvua. Tunapanda kati ya Novemba na Januari, tunavuna alizeti na mtama kuanzia Mei. Shule hufunguliwa Januari, na Januari ndipo vikao vya kuomba michango hufanyika: ghala limefagiliwa, mbegu ziko ardhini, baba amekwenda kutafuta kibarua, mama anauza kuku wa mwisho apate sare ya shule. Mwezi huohuo ndio tunaomwambia alete debe la mahindi. Anakaa kimya, na sisi tunaandika katika muhtasari kwamba wazazi hawana mwamko wa elimu. Mwamko upo. Kisichokuwepo ni mahindi. Mzazi huyohuyo mwezi Julai ana magunia ya alizeti uani, ana fedha ya kwanza ya mwaka mkononi, na hakuna anayemwita mkutanoni. Madalali ndio wanaomfikia. Na bei ikianguka, kama ilivyoporomoka msimu wa 2023, shule inaanguka pamoja na alizeti, wala hakuna aliyepanga namna ya kuikinga.

Tuje kwenye matokeo. Mwaka hadi mwaka tunasikia kwamba darasa la saba limefaulu kwa asilimia 80 hivi. Wazazi wengi hawajaambiwa kwamba kufaulu ni kupata alama 121 kati ya 300. Mtoto aliyepata 121 na aliyepata 270 wote wamo katika asilimia ileile. Kwa kidato cha nne, matokeo ya 2023 yalionyesha kwamba asilimia 89 ya watahiniwa wa shule walifaulu. Ukiondoa waliopata daraja la nne, waliobaki na daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa asilimia 37. Daraja la nne linaweza kupatikana kwa D mbili tu. Kijana mwenye D mbili ana cheti, lakini mlango wa kidato cha tano umefungwa mbele yake. Mzazi aliyeuza dengu miaka minne ana haki ya kuambiwa mtoto wake yuko upande gani wa mstari huo, na ni wangapi wa shule yake wako huko.

Asilimia inaficha jambo jingine zito zaidi. Katika mkutano mmoja wa kijiji, mzee wa makamo ya baba yangu aliinua mkono akaniuliza:

“Mama mwenyekiti, mlitwambia shule yetu imefaulisha watoto themanini katika mia. Mbona mjukuu wangu hawezi kunisomea hata risiti ya ushuru wa alizeti?”

Mwalimu mkuu akasimama, akajibu kwa adabu: “Shikamoo mzee wangu. Mjukuu wako yuko darasa la tatu. Ile asilimia ni ya darasa la saba.”

“Marahaba, mwalimu. Kwa hiyo mnangoja afike la saba ndipo mumfundishe kusoma?”

Hakuna aliyemjibu mzee yule, na swali lake linastahili kujibiwa na mkoa mzima. Nguvu zetu zote tunazimimina darasa la saba kwa sababu ndilo linalotangazwa. Mwalimu hodari anapangwa la saba. Kambi ni ya la saba. Mitihani ya ujirani mwema na mock ni ya la saba. Karatasi zinazonunuliwa kwa zile 300,000 huliwa na la saba. Darasa la kwanza na la pili, ambako kusoma, kuandika na kuhesabu kunatakiwa kushika, ndiko watoto wanakobanana chumba kimoja na mwalimu mmoja. Mtoto aliyepita la pili bila kusoma anakaa miaka mitano mingine akinakili ubao. Kambi ya miezi mitatu haiwezi kumrudishia miaka hiyo.

Watu watasema dawa ni fedha zaidi. Nakubali fedha ziongezwe na nitalisema hilo hapa chini. Ila kuna somo la Tanzania yenyewe tusilipuuze. Mwaka 2013 na 2014, kupitia mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, watafiti walizigawa shule 350 za msingi katika wilaya 10. Baadhi zilipewa ruzuku ya ziada ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu anayefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 na Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao. Ruzuku peke yake haikuinua ujifunzaji. Ruzuku na bonasi vilipokwenda pamoja, watoto walipanda kwa kiwango kilichozidi jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Zaidi ya hapo, fedha za ziada zilipoingia shuleni, wazazi walipunguza walichokuwa wanatumia wao kwa watoto wao.

Mimi nasoma somo hilo hivi: fedha inazaa pale tu inapokutana na mtu anayeulizwa kuhusu mtoto. Na mzazi anapoamini kwamba Serikali imemaliza kazi yote, anaondoa mkono wake. Tuliona hilo kijijini 2016. Tulisikia “bila malipo”, wengi wetu tukaelewa “bila wewe”.

Ndiyo maana naomba mkutano mmoja. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982 tayari inatupa mkutano mkuu wa kijiji. Mapato na matumizi ya kijiji husomwa hapo. Shule nayo isomwe hapo, mara moja kwa mwaka, kati ya Julai na Agosti, mavuno yakiwa ndani. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati wasimame pamoja na karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, bila namba za vifungu.

Ukurasa huo uwe na mambo machache. Kwanza, shule ilipokea shilingi ngapi mwaka huu, zikafika lini, zikanunua nini, na wazazi walichangia nini. Pili, kati ya watoto waliomaliza darasa la pili, wangapi wanasoma hadithi fupi wakaielewa, na wangapi wanajumlisha na kutoa. Mwalimu anawajua watoto hao kwa majina. Kijiji kinahitaji idadi tu. Tatu, matokeo ya upimaji wa darasa la nne na mtihani wa la saba, yakitajwa kwa madaraja, kuanzia A hadi E, na si kwa asilimia moja ya jumla. Nne, waliochaguliwa kwenda sekondari na kweli wakaripoti, maana wako wanaochaguliwa wakaishia kuchunga, kuolewa au kufanya kazi za ndani mijini. Tano, shule ina walimu wangapi na ilitakiwa kuwa nao wangapi. Kisha kijiji kiamue hapohapo: mwaka ujao fedha ya shule ielekezwe darasa gani kwanza, na kila kaya italeta nini wakati ina kitu cha kuleta.

Sekondari ya kata ifanye hivyo katika kikao cha kata, diwani akiwepo, na ukurasa wake uongeze jambo moja: watoto wangapi wamepanga vyumba mitaani kwa sababu shule iko mbali na bweni hakuna. Kila mama wa Singida anajua magheto yale yanawafanya nini mabinti zetu. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Kata iulizwe wangapi wamerudi.

Najua hoja zinazopingana na hili. Walimu wanaogopa kuaibishwa hadharani, nami nawaelewa, kwa sababu mwalimu mmoja hawezi kubeba lawama za darasa la watoto 120. Kwa sababu hiyohiyo idadi ya walimu na tarehe ya kufika kwa ruzuku ziwe kwenye ukurasa uleule. Mwalimu aliyepewa watoto 120 na karatasi zilizochelewa miezi miwili atatetewa na kijiji chake. Wengine wanasema siasa zitaingia. Siasa huingia panapo giza. Karatasi ikishasomwa na kila mtu, mwanasiasa hana cha kuongeza. Wapo wanaosema wanakijiji hawataelewa hesabu. Mkulima wa Singida anajua bei ya gunia la vitunguu Nairobi na uzito unaoibwa kwenye mizani ya dalali. Hesabu ya 600 mara 6,000 haitamshinda. Na wale wanaosema taarifa tayari ziko kwenye ubao wa matangazo, nawaomba waje wahesabu wanaosimama kuzisoma.

Kwa wakurugenzi wetu saba na madiwani wanaokaa katika kamati za elimu, afya na maji, nina ombi la pili. Kila gunia la alizeti linalotoka hapa linalipiwa ushuru wa mazao. Sheria tayari inailazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kutenga kunawezekana. Itengwe sehemu, hata ndogo, kwa shule zenye watoto wachache na zilizo mbali na lami, ili kila shule iwe na kiwango cha chini ambacho haishuki hata kama ina watoto 100. Na darasa la kwanza na la pili yapewe walimu kabla ya darasa la saba. Hilo la walimu halihitaji hata senti. Linahitaji uamuzi wa ratiba.

Kwa Dodoma, ruzuku ya 10,000 ni ya mwaka 2002. Ipandishwe, na baada ya hapo iwe inapanda kila mwaka pamoja na bei. Mkoa wetu hauwezi kusema hauna wa kuusemea. Mbunge wa Iramba Magharibi, Mwigulu Nchemba, ndiye aliyesimama bungeni Juni 2022 akiwa Waziri wa Fedha na kutangaza kufutwa kwa ada ya kidato cha tano na sita, na leo ni Waziri Mkuu. Aliyeweza kufuta ada anaweza kuhakikisha shule iliyofutiwa ada ina karatasi.

Haya hayawezi kungoja. Watoto walioanza darasa la kwanza Januari 2016, siku za kwanza za elimu bila malipo, ndio wanaofikia mtihani wa kidato cha nne mwaka huu wa 2026. Ni kizazi cha kwanza kilichosoma chini ya mpango huo tangu darasa la kwanza, na matokeo yao yatakuwa hukumu juu yetu sote. Nyuma yao linakuja jambo kubwa zaidi. Kwa sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Januari 2025, elimu ya msingi itaishia darasa la sita. Mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba yatamaliza kwa pamoja, na Januari 2028 yote mawili yataingia kidato cha kwanza siku moja. Watoto hao leo wako darasa la tano na la sita. Wanapita mbele ya nyumba zetu kila asubuhi na madumu ya maji mkononi.

Najua tutakavyojiandaa tukiachiwa mazoea yetu: tutajenga madarasa mwaka 2027, kwa haraka, usiku na mchana, kisha tutazindua. Madarasa yatahitajika na tutasomba tena mawe. Lakini mtoto wa darasa la tano asiyejua kusoma leo ataingia katika darasa hilo jipya Januari 2028 akiwa hajui kusoma bado, na ndani yake atafundishwa masomo ya sekondari kwa Kiingereza.

Mkuu wa mkoa ana uwezo wa kuagiza ukurasa huu mmoja kwa barua moja. Wakurugenzi wana uwezo wa kuuandaa. Wenyeviti wa vijiji wana mkutano tayari kwa mujibu wa sheria. Wenyeviti wenzangu wa kamati za shule, kuanzia Shelui mpaka Rungwa, tusisubiri barua hiyo. Tumuombe mwalimu mkuu takwimu za darasa la pili na taarifa ya fedha, tuziandike kwa mkono kama hakuna mashine, na Julai hii tuzisome mbele ya wazazi, magunia yakiwa uani.